Nani Aliziosha?

Zilikuwa sita, rupia za Mjerumani,
ndani ya kopo la Kimbo juu ya dari kule Uru,
pale moshi wa jiko la Bibi Ndeanasia
ulipopanda kila jioni, miaka sitini,
ukakaa.
Nyeusi kama tako la chungu cha kiburu.
Upande mmoja mfalme mwenye kofia ya chuma,
upande wa pili simba, na mnazi nyuma yake;
simba mwenyewe sikumwona vizuri,
manyoya ya shingo tu, yakichungulia gizani.

Mimi ni mtu wa kung'arisha.
Mwaka wa tisa huu nasugua vijiko vya hoteli hapa Moshi,
na nyumbani Pasua jirani hujitazama
kwenye sufuria zangu akifunga kilemba.
Nikasema: mgeni hapelekwi kwa mthamini
hajanawa uso.

Majivu ya kuni za mkahawa, nimeyachekecha kwa kitambaa.
Malimau mawili. Dawa ya meno.
Magadi kidogo, ingawa mkono wangu haujui kidogo.
Mduara, mduara, mduara,
weusi ukashuka kwenye beseni kama chai ya rangi
na chini yake, mama yangu,
mbalamwezi!

Niliosha tano.
Kufika ya sita bomba likakohoa mara mbili
likanyamaza, kawaida yake siku za Alhamisi.
Nikaifunga kwenye leso pamoja na aibu yake.

Shirin Valji huja toka Arusha kila Ijumaa ya pili,
hupewa meza nyuma ya duka la saa.
Aliishika ya kwanza kwa ukingo,
kama mtu ashikavyo picha ambayo haijakauka.
Akaiinamisha chini ya taa. Akaweka lenzi jichoni.
Nikangoja sifa.

"Nani aliziosha?"

Bila ukali. Kwa sauti ya daktari
anayeuliza nani alimnywesha mtoto mizizi.
Mimi, nikasema,
na mikono yangu ikashuka chini ya meza yenyewe.

Akanipa lenzi.
Shavu la mfalme lilikuwa limechanjwa chale,
mistari myembamba, mamia,
ikienda mduara, mduara,
mwendo wa mkono wangu. Ningeutambua popote.
Simba alikuwa amenyolewa.

"Sarafu huzaliwa na nuru yake," akasema.
"Ukiiinamisha, nuru hukimbia juu yake
kama upepo kwenye mpunga. Hizi zinang'aa,
lakini hakuna kinachotembea."
Daraja hakuzipa. Kwenye kila karatasi
aliandika neno moja, mara tano: *imesafishwa*.
Neno ambalo kule kazini
ningelipandishiwa mshahara.

Nikafungua leso. Samahani, nikamwambia,
hii bado chafu.

Alikaa kimya mpaka saa zote za dukani zikasikika.
Kumbe ule weusi haukuwa weusi:
pembeni zambarau, kisha buluu, kisha rangi ya asali,
kama shingo ya njiwa akigeuka juani.
Akataja bei.
Tano zote kwa pamoja hazikuifikia hata nusu.

Nilimwuliza kama weusi unaweza kurudi.
"Utarudi. Hewa haina haraka.
Mikwaruzo ndiyo haiendi popote."

Jioni bomba likafunguka lenyewe,
beseni likajaa, likamwagika, sikuinuka.
Tano zilikuwa mezani, nyeupe, zikinikodolea macho
kama watoto walionyolewa kwa ajili ya msiba.

Nilikumbuka nilivyokuwa na miaka saba,
nimepanda ngazi ya dari, mkono kwenye kopo.
Bibi hakunifokea.
Alikuwa akichochea moto, hakugeuka hata.
Ziache hukohuko, alisema.
Zinaota moto.