Labda Tako

Kazi yangu ni kuwafundisha wanasayansi kusema.
Mama mkwe akilisikia hilo mezani, hucheka:
"Watu wazima, na udaktari wao, hawajui kusema?"
Wanajua, mama. Wanajua mno.
Ndiyo maana nalipwa.

Daktari Anselmo Feito alikuja na slaidi arobaini na sita.
Jumamosi angesimama mbele ya wafuga nyuki wa Somiedo,
watu ambao mizinga yao dubu huipindua
kama mtu anayetafuta funguo chini ya godoro,
na kwenye slaidi ya kwanza, mstari mwekundu
ulipanda, ukashuka, ukasita,
mlevi kwenye ngazi.

"Huu mstari ni nini?"
"Ni uwezekano wa kuishi wa kundi rika, baada ya kurekebisha..."
"Daktari. Huu mstari ni nini?"
Akavua miwani, akaipangusa kwa tai.
"Watoto," akasema. "Watoto wa dubu."
Kisha akarudi kwenye marekebisho.

Siku tatu nilimpunguza maneno
kama mzazi amkatae kucha mtoto anayefurukuta.
Nikapiga marufuku "hata hivyo".
Nikapiga marufuku "kwa kiasi fulani".
Nikamwambia, pumua penye nukta.
Akapumua penye mkato, penye mabano, katikati ya namba,
na usiku akaniandikia: je, "takriban" inaruhusiwa?

Ijumaa nikalifunga darasa.
Nikabeba kamera, lenzi nzito kama mguu wa meza,
kahawa, na ile mikate ya kwetu yenye mimba ya soseji.
Alfajiri ya Juni ilituuma masikio.
Ng'ambo ya bonde, ukuta wa mawe wa duara,
wa mababu zake yeye mwenyewe,
mrefu kuliko dubu aliyesimama wima,
na mizinga ndani yake kama magego.

Saa mbili tulitazama mawe.
Jiwe moja lilifanana na dubu.
Nikalipiga picha kumi na moja.

Kisha yeye, bila darubini:
"Pale."
Sauti hiyo sikuwahi kuisikia darasani.
"Kichaka cha manjano. Shuka kidogo. Jike.
Ana mmoja.
Mwezi jana walikuwa wawili."

Nikangoja.

"Dume lilipita. Huua wadogo ili mama awe tayari tena.
Nilikuwa nimekaa papa hapa. Nilihesabu.
Nikaandika: moja."

Ndipo dubu akainua kichwa,
mtoto akampanda mgongoni,
picha niliyoivizia miaka sita,
na mimi nimegeuka, namtazama mtu.
Nilipobonyeza nilipata maua ya manjano
na ukungu wa kahawia ukingoni,
labda tako.

"Hilo," nikamwambia. "Kesho sema hilo."
"Ni dubu mmoja. Hathibitishi kitu."
Kweli tupu, na sikuwa na somo la kumjibu.
"Basi na hilo pia liseme."

Jumamosi ukumbi ulinuka nta na jibini.
Alianza na slaidi zote arobaini na sita. Mkaidi.
Nikafunika uso kwa mikono.
Kwenye ya tisa, bibi mmoja wa nyuma, Oliva Calzón,
akasimama bila kuinua mkono:
"Yule wa kichaka cha manjano amenivunjia mizinga minne.
Mwanawe wa pili yuko wapi?"

Akavua miwani. Hakuipangusa.
Akaongea nusu saa, skrini ikiwaka bure nyuma yake.
Nilihesabu, ni mazoea ya kazi:
"hata hivyo", mara saba.
Hakuna aliyetoka, ingawa Oliva
alitaka fidia ya mizinga, na bado anaitaka.

Ile picha nimeitundika darasani.
Wageni huinamisha shingo, huuliza ni nini.
Dubu, nawaambia,
kwa kiasi fulani.