Majani Yana Mwenyewe

Usiku huingia shambani kwangu bila pupa:
mmoja kwanza, kisha kimya, kisha wote.
Nawajua kwa sauti ya udongo unaofunuliwa.
Si jembe. Jembe lina pigo na lina pumziko.
Hii ni pua, ngumu kama kisigino cha mkulima,
inalisoma tuta kutoka chini kuja juu
na kufuta ilichokwisha kusoma.

Asubuhi nahesabu. Magimbi, matuta matatu.
Mahindi wameyalaza ubavu,
yenye maziwa wameyatafuna, makavu wameyaacha.
Wana mdomo wa kuchagua.
Tope la mfereji limetunza kwato:
kubwa, kubwa, za kati, za kati,
na pembeni vidogo vingi vinavyopishana
kama punje zilizomwagika ungo ukiyumba.

Shemeji yangu Aikaeli husema: mwizi ni mwizi.
Waya wa breki ya baiskeli anao mfukoni,
ameshaukunja tanzi.
Sibishani naye. Magimbi yalikuwa yangu.
Ila namjua mnyama huyu kidogo kumzidi.
Mchana, ndani ya msitu wa Rau,
hutembea chini ya mbega
akiokota tini za mkuyu wanazodondosha juu,
wao wabadhirifu, yeye mfagizi.
Ana mvule wake mmoja, ule wa karibu na chemchemi,
kila apitapo huukwaruza kwa chonge
mpaka utomvu mweupe utoke,
wapitao wanuse wajue zamu ni ya nani.
Mwili una rangi ya bati la zamani,
uso mweupe, kama aliyechungulia pipa la unga
akasahau kujifuta.

Sasa nikiri.

Novemba, vuli ilipoanza kushika,
niliingia msituni na mundu, kutafutia ng'ombe.
Nikakuta lundo la majani, limenifika kiunoni,
mabichi, yamelazwa upande mmoja.
Nikasema, huyu ni Mama Ndewario,
kakata, kasahau kamba, karudi nyumbani.
Nikatazama kulia.
Nikatazama kushoto.
Honi ya lori ilisikika mbali, barabara ya Mabogini.
Nikainama, nikakumbatia mzigo wa kwanza wa jirani yangu.

Mzigo ulikuwa na joto.
Mzigo ulivuta pumzi.

Ndani, wanne, kila mmoja sawa na kiatu,
kahawia, wenye mistari myeupe ya urefu
kama tikiti changa.
Na jicho moja la mama yao, halipepesi.
Nyuma yangu kitu kikasaga meno.
Dume. Singa za mgongo zimesimama wima,
povu mdomoni, mguu mmoja juu ya mzizi.
Kwetu wanaume wengi husubiri mtoto atembee
ndipo wamjue jina.
Huyu alikuwa zamu tangu siku ya kwanza.

Nikarudisha majani yao.
Sikuyatupa; niliyalaza upande uleule,
mkono wangu ukitetemeka kama wa mwizi, maana ndio uliokuwa.
Kisha kinyumenyume hadi mferejini,
mundu nimeuacha. Uko huko mpaka leo, labda.

Sitaki kumsifu kupita kiasi.
Miezi sita ikipita, baba huyohuyo
atawafukuza wanawe kwa chonge zilezile,
nao watahangaika ukingoni, kati ya mpunga na nyumba mpya,
maana msitu wenyewe sasa
unauvuka kabla jasho halijakukauka.

Jioni Aikaeli alipita, akakaa juu ya kinu.
"Kuna lundo nimeliona kwa mbali, karibu na ule mvule.
Majani mazuri. Ya nani?"

Nilikuwa namenya gimbi lililobaki,
nusu langu, nusu lina alama za meno.
"Usiyaguse," nikamwambia.
"Yana mwenyewe."

Usiku nikatoka na debe.
Nikapiga, kwa nguvu, kama kawaida.
Sijasamehe magimbi.
Ila nilisubiri kwanza,
nikahesabu, gizani, kwa masikio,
hadi nikawasikia wale wanne.