Avoka Nyuma ya Nyumba

Madamu Godelive aliziba madirisha kwa vitenge viwili,
kimoja chake, kingine cha kuazima.
Jenereta ikakohoa nje, karibu na choo,
na ukuta wa darasa la kwanza, uliopakwa chokaa juzi tu,
ukawa shamba lenye majani marefu.

Mimi sikuwepo. Kavugho ndiye alinisimulia,
kipande kwa kipande, siku tisa,
kama mtu anayejitoa miiba mguuni na hataki umsaidie.

Kulikuwa na mvulana, alisema. Ana kaptula nyekundu.
Kisha akaomba chumvi.
Siku ya tatu: aliona kitu cha chuma, kizuri, kama kopo.
Siku ya tano, tukiwa kwenye foleni ya bomba:
Mama, yule mvulana aliinama.
Hapo akanyamaza mpaka bidoni likafurika.

Wenzake walipiga kelele, ila yeye.
Yeye alifumba jicho moja.
La pili aliliacha wazi,
kwa sababu Madamu alisema kutakuwa na mtihani.

Jumapili avoka ikaanguka nyuma ya nyumba,
pale mawe ya volkano yanapoachia majani nafasi kidogo.
Nilisikia: pu!
Nenda ukaokote, nikamwambia, mbuzi wa baba Kambale asikutangulie.
Akaenda. Hakurudi.
Nikamkuta amesimama, viganja kavibana kwapani,
anakariri kwa sauti ya darasani:
Usiguse. Usisogee. Ita mtu mkubwa.

Mtu mkubwa ni mimi, nikasema.
Akanitazama toka kandambili hadi kilemba
kama anayepima iwapo nitatosha.

Jumatatu nikashika njia ya shule,
hasira nimeifunga kiunoni pamoja na kitenge.
Maneno niliyapanga tangu Ndosho:
Mtoto wa miaka sita! Ukuta mzima! Damu ile!

Madamu alinisikiliza mpaka mwisho.
Akafuta ubao, ingawa haukuwa na kitu.
Haikuwa damu, alisema, ni michoro, ni rangi tu.
Halafu akafungua daftari la mahudhurio,
akaweka kidole penye jina moja
lenye alama, alama, alama, mpaka katikati ya mwezi wa pili;
baada ya hapo, vyumba vitupu hadi ukingo wa karatasi.
Huyu alidhani ni redio, alisema.
Sasa nifundishe wewe, mama Kavugho. Ningewaambiaje?
Kwa hadithi ya sungura?

Sikuwa na jibu. Bado sina.
Nilichokuwa nacho ni hesabu:
watoto themanini na wawili, giza,
na mtu mzima mmoja, naye yuko nje
anapigana na waya wa jenereta
wakati mvulana wa ukutani anainama.
Nani aliwashika mkono?

Hilo nilimwambia. Alikaa kitako kwenye dawati la watoto,
magoti yakamfika kidevuni.
Darasa la pili wataona Alhamisi, akasema.
Njoo, basi. Njoo ushike mikono.

Sijakwambia avoka iliishia wapi.
Nilienda kuiokota mwenyewe, huku namcheka binti yangu
ili asikie kwamba nacheka.
Kama hatua kumi hivi.
Kwenye ya saba mwendo ukapungua, sijui kwa nini.
Kile kitu kilikuwa cheusi, cha mviringo,
kimetulia sana.
Bila kufikiri nikavunja kijiti uani,
nikakinyoosha.

Kijiti pia hapana, mama,
sauti ndogo ikasema nyuma yangu.
Hata kijiti.