Printa Isiyokuwepo

Programu ya ng'ombe aliiandika Heldur
majira ya baridi ya tisini na nne, jikoni,
miguu ndani ya beseni la maji moto.
Inajua kuhesabu ndama, inajua nani alimzaa nani,
ila mlango wa kutokea inao mmoja tu:
"Chapa."

Na printa, ile iliyokuwa ikikereza kama msumeno
hadi mbwa anaomba kufunguliwa,
ilikata roho Januari, katikati ya ukurasa wa Mustik,
miaka miwili baada ya fundi wake.
Chama cha wafugaji, Tartu, kinataka kumbukumbu zote Ijumaa.
Hakitaki karatasi. Kinataka PDF.

"Basi tuidanganye," akasema Tarvo,
mjukuu wa jirani, soksi mbili rangi mbili,
akitafuna mkate wangu mweusi.

Akaongeza printa ambayo haipo.
Kweli haipo: haina waya, haina wino,
haina pa kupigwa kofi ikikwama.
Ina kiendeshi tu.
Dereva bila gari, nikamwambia, na bado unampa mizigo.
Kompyuta ikauliza, imeunganishwa wapi?
Akachagua: kwenye faili.
Karatasi ipi? Ilikuwa imeshika ya Kimarekani, fupi na nono,
ingekata jedwali miguu; akairudisha A4.
Ikauliza jina.
Nikasema, iite Heldur.
Akanitazama. Akaandika.

Ukurasa wa kwanza ukaja, mweupe, bila harufu.
Mustik, sawa. Punik, sawa, ndama sita.
Lakini Õie,
aliyejaza ndoo kabla sijakaa vizuri kwenye kigoda,
amekuwa kisanduku kitupu, kisha "ie".
Hata Võru, mji wetu, una kidirisha tumboni.

"Herufi hazikusafiri," Tarvo akasema. "Fonti imebaki nyumbani."
Nikasema, irudie.
Miaka thelathini na minane nilikuwa daktari wa mifugo;
pembe nimekata nyingi,
jina sijamkata yeyote.

Tukarudi kwenye mipangilio: Zaidi, kisha Zaidi tena,
chini kabisa, mahali pa vitu anavyoficha mtu asiyependa wageni,
kijisanduku: "Pachika fonti zote."
Tiki.

Sasa Õie yumo, na kiwimbi chake kichwani.
Kurasa mia nne na kumi na mbili,
na hakuna hata moja niliyolazimika kuinyoosha kwa goti.

Tarvo ameondoka na nusu ya mkate.
Nimefungua orodha ya printa, kuhakikisha tu.
Imeandikwa: "Heldur. Tayari."
Heldur! Ambaye hakuwahi kuwa tayari maishani,
ambaye siku ya harusi tulimngoja kwenye theluji
akitafuta kiatu cha kushoto.
"Hati zinazosubiri: sifuri."

Nikampa ukurasa mmoja, wa bure,
nimwone akifanya kazi.