Elfu Nne na Mia Tano

Ilinifikia saa tatu usiku, umeme umekatika,
simu imebaki asilimia kumi na moja.
Sauti ya mwanamke asiyejitaja,
pumzi juu juu kama aliyetoka kukimbizwa:
mofa za Limbani zina sumu, msile,
mtoto kalazwa Chake, anatapika damu.
Hivyo ndivyo nilivyosikia.

Limbani anachoma mofa mtu mmoja tu.

Sikuuliza mtoto gani, wa nani.
Sikuuliza imepita mikono mingapi
hata ikaingia kwangu bila kupangusa miguu.
Niliuuliza moyo, na moyo ulikuwa na jibu tayari,
limekaa toka mwezi wa Shaabani,
siku Bi Kazija aliponambia mbele za watu:
"Deni la mwanzo kwanza, Mize, ndio uje na kapu."
Elfu nne na mia tano.
Watu walicheka.
Au hawakucheka, mimi nilisikia kicheko.

Basi ghafla nikakumbuka masizi ya tanuri lake,
na paka wake anayelala juu ya gunia la mtama,
na ule mkono wake, unaohesabu pesa
kisha ukarudi kwenye unga.
Mambo hayo nikiyajua miaka kumi,
na mofa zake nikizila na mchuzi wa pweza.

Nikabonyeza.
Kwa dada yangu Mtambwe. Kwa kundi la kikoba.
Kwa wazazi wa darasa la pili.
Nikatia na langu, chumvi ya ncha ya kidole:
"Hata mimi niliwahi kuona kitu."
Asilimia nne.
Nikalala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Asubuhi habari ikanirudia imenenepa.
Kwa Asaa fundi baiskeli, watoto walikuwa watatu.
Kwenye foleni ya mfereji mmoja kashafariki,
na yuko aliyekwenda maziko.
Mwalimu Tumu, anayesomesha hesabu,
asiyempa mtoto alama bila kuonyesha njia,
naye akasema: "Haya hayaanzi bure."
Faki alikuwa na mgogoro wake wa mpaka.
Yule wa nyumba ya kona alikuwa na hofu tu,
ana kichanga cha siku arubaini;
huyo simlaumu.

Siku ya tatu nikapita pale.
Tanuri baridi. Mofa kwenye ungo, zimekakamaa,
na Shaame, mwanawe, anawavunjia kuku.
Kuku wanakula, wanapiga mbawa, wazima.
Kuku hawana simu.

Mpwa wangu yuko maabara, Chake.
Hakuna mtoto, akasema. Hakuna damu.
Sauti ile aliisikia mwaka juzi, akiwa Tanga,
na huko waligombana na muuza maandazi.

Nikaitafuta tena, betri imejaa, mchana kweupe.
Haikusema Limbani.
Haikusema mofa.
"Ile mikate ya pale chini," basi.
Na kila mji una chini yake.

Nikaandika: jamani, ile habari si kweli.
Kwenye kikoba wawili wakaifungua.
Dada akajibu kwa kidole gumba,
kisha akauliza bei ya dagaa.

Ijumaa nikaenda, pesa nimezikunja kiganjani.
Tanuri limewashwa, lakini kwa mofa kumi tu.
Bi Kazija akazihesabu noti, mara mbili,
akazifundika kwenye pindo la kanga.
"Imetimia."
Nilikuja na maneno. Yalibaki nyuma ya meno.
Hakuniuliza kitu.
Akachomoa mofa moja, akaipuliza majivu,
akanivutia kibao barabarani,
pale wanapopita watoto wa skuli
na wanaume wanaotoka msikitini.
"Kaa," akasema. "Kula hapa hapa. Wakuone."

Nikala.
Ilikuwa moto, na kavu, haina mchuzi.
Mofa kavu haimezeki upesi.