Somo wa Dada

Baba alitupa majina kwa kufunua kalenda ya misheni.
Mimi, wa mwaka mpya, nikaangukia Fulgensi.
Dada, wa kumi Februari, akapata Skolastika,
jina refu kuliko mwili wake.

Juzi ilikuwa sikukuu yake. Nilivuka toka Mwanza
na sukari kilo mbili, mkate, dawa ya kifua.
Tukala sato na ugali wa muhogo hapa Nansio.
Anakohoa, anacheka, anakohoa.
"Lala leo."
"Kesho kazini, dada. Kivuko hakingoji mtu."

Hakubisha. Aliweka viganja mezani
kati ya miiba ya samaki, akainamisha kichwa,
kama yule mtawa, somo wake,
aliyenyimwa usiku mmoja na kaka yake.

Ziwa likawa rangi ya masizi.
Mabati yakamwagiwa kokoto.
Gatini wakasema: hakuna safari.

"Umefanya nini, Skola?"
"Nilikuomba wewe, ukakataa.
Nikamwomba mwingine."

Tukakesha tukimsengenya baba.

Yule mtawa, wanasimulia,
baada ya mvua ile aliishi siku tatu.

Jana ziwa shwari, kivuko kikapiga honi.
Nimekaa. Namenya muhogo.
Leo ni ya pili.