Bega la Kushoto

Mama alikuwa fundi cherehani mjini Guarda,
mlimani, ambako baridi huingia nyumba za mawe
bila hodi, ikavuta kiti, ikaketi.
Nilikuwa na miaka saba. Alinisimamisha juu ya stuli
anipime koti la Komunyo ya Kwanza,
futi shingoni, pini sita mdomoni,
na kwa pembe ya mdomo iliyobaki wazi
akamwambia Dona Etelvina, aliyefuata sketi yake:
"Huyu bega la kushoto limeshuka.
Itabidi nimtilie pamba."

Hakusema kwa ubaya.
Alisema kama mtu asemavyo mkate umekwisha.
Dona Etelvina akainamisha kichwa, akafumba jicho moja
kama atazamaye picha iliyopinda ukutani:
"Ee, kweli. Limeshuka."

Basi. Ni hayo tu.
Hakuna aliyenichapa, hakuna aliyenipa jina baya,
na supu ya kabichi usiku ule ilikuwa ya moto.
Lakini aliyepanda stuli alikuwa na mabega;
aliyeshuka alikuwa na bega.

Darasani nikahamia upande wa ukuta,
kushoto kwangu mawe, wasione.
Mwalimu akiuliza, mkono wa kulia ulipanda nusu,
ukamkumbuka mwenzake, ukarudi mezani.
Nilijua jibu.
Nataka hilo liandikwe mahali: nilijua jibu.

Graciete alinijia usiku wa Mtakatifu Yohana,
nywele zinanuka moshi wa dagaa wa kuchoma,
akasema, twende tukacheze.
Nikamwambia mguu unaniuma.
Mguu!
Hata uongo wangu niliupeleka mbali na bega.

Samaki hukunjwa angali mbichi.
Mimi nilikunjwa kwa pini sita
ambazo hazikunigusa.

Nina miaka arobaini na mitatu, nauza stempu posta,
na macho ya mama hayaoni tena tundu la sindano,
kwa hiyo koti la mwaka huu nilikwenda kushonewa Covilhã.
Fundi ni binti mdogo, anatafuna ubani.
Kabla hajanishika nikamwahi:
"La kushoto limeshuka. Weka pamba."
Akapima. Akapima tena. Ubani ukasimama.
"La kushoto ndilo liko juu, bwana. Kama upana wa kidole.
Una kawaida ya kulinyanyua?"

Miaka thelathini na sita.
Nalinyanyua nikila, nikilala, nikigonga mihuri,
nililinyanyua nikifunga ndoa na nikimzika baba.
Ndani ya basi la kurudi nilijaribu kuliacha lilegee.
Liligoma. Halijui chini ni wapi.

Je, mama alikosea, au mimi ndiye niliyelinyoosha
mpaka likapita kipimo? Hakuna futi ya kupimia hilo.
Nilimwuliza. Akafikiri sana.
"Koti lipi? Lile la sufi ya bluu? Kitambaa kile kilikuwa ghali!"
Kisha akaificha mikono yake chini ya aproni,
kama afanyavyo siku zote mbele za watu.
Sijui nani alimwambia nini
kuhusu mikono ile.

Jana Benedita, binti yangu, alisimama mbele ya kioo,
nywele amezikusanya nyuma kwa ngumi mbili.
"Baba, masikio yangu ni makubwa?"

Ni makubwa. Ni ya babu yake, yanapitisha mwanga.
Nikasikia chuma kinywani, pini zote sita,
nikazitema moja moja pasipo yeye kuona.
"Yanasikia?" nikauliza.
"Yanasikia mpaka ugomvi wa majirani!"
"Wanagombania nini?"
Akaziachia nywele, akaja kuninong'oneza,
na kwa kuwa ni mfupi ilinibidi niiname,
bega la kushoto likatangulia.

Sijui kama nilijibu vizuri.
Akifika umri wangu, atanihesabia mwenyewe.